Kushusha na kupandisha pH ya tenki la samaki kwa vitu vya nyumbani (na vile ambavyo usiviguse)

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga samaki wa mapambo nilikuwa na tenki la lita 60 hivi sebuleni, maji natoa kisima cha mtaani hapa Dar, nikanunua neoni tetra kumi, wale wadogo wenye mstari wa bluu unaong'aa. Muuzaji akaniambia hawa wanataka maji ya asidi kidogo, pH sita na kitu. Nikapima nikakuta 8.2. Nikaenda jikoni nikakamua ndimu nne, nikachuja kwa kichujio cha chai, nikamwaga kwenye tenki. Nusu saa baadae napima nakuta 7 kasoro, asee nikajiona mkemia mkuu. Asubuhi naamka maji meupe kama tui la nazi, samaki wote wako juu wanahema, napima pH imerudi 8 kama vile sijafanya kitu. Mpaka mchana walikuwa wamebaki watatu.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadae sana, na ndo maana naandika hii, maana bado naona watu wanaelekezana ndimu na siki kila siku. Vitu vya nyumbani vinafanya kazi kweli, sipingi, lakini sio vile ambavyo mkono unakimbilia kwanza.

Kabla ya pH kuna jamaa anaitwa KH

Maji yako yana pH, hiyo ndo namba ya kusema ni asidi au ni alkali, 7 ni katikati, chini ya hapo asidi, juu alkali. Cha kukumbuka ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 8 kwenda 7 asidi imeongezeka mara kumi, kutoka 8 kwenda 6 ni mara mia. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nimeshusha mbili tu" jua kwa samaki sio mbili tu.

Sasa nyuma ya pH kuna KH, yaani kiasi cha kaboneti na baikaboneti iliyoyeyuka kwenye maji, na hii ndo inayoshikilia pH isiyumbe. Ichukulie kama unga kwenye debe. Asidi kwenye tenki inatengenezwa kila siku, kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula, bakteria wa kwenye filta wanaobadilisha amonia (ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki) kuwa naitreti, wote hao wanachota kwenye debe. Debe likiwa limejaa hata uchote vipi huoni tofauti, pH imekaa pale pale. Debe likikaribia kuisha ndo pH inaanguka ghafla, usiku mmoja tu.

Maji ya kisima changu yalikuwa na KH kubwa, debe limejaa. Ndimu zangu nne zilichota kidogo, baikaboneti ikageuka kabonidayoksaidi, hiyo hewa ikaishusha pH kwa muda, halafu ikatoka yenyewe majini na pH ikapanda tena. Na ile asidi ya ndimu iliyobaki ikawa chakula cha bakteria, wakazaliana kwa fujo (ndo ule weupe kama tui), wakamaliza oksijeni yote. Kwa hiyo samaki wangu walipigwa mara tatu kwa usiku mmoja, pH kushuka, pH kupanda, na kukosa hewa. Siki ni hivyo hivyo, ukwaju hivyo hivyo. Nikishasema hapa sirudii tena, usitie tindikali ya jikoni kwenye tenki lenye samaki.

Kupima, na ujanja wa kabichi

Kama una hela nunua kipimo cha matone, cha pH na cha KH. Vile vikaratasi vya kuchovya vinasaidia lakini rangi zake zinabishaniwa, ukisimama dirishani unaona kingine ukisimama chini ya taa unaona kingine. Kalamu ya dijitali ni nzuri ila lazima uiseti kwa zile poda zake kabla ya kuanza kuiamini, na ile ncha ya chini isikauke, wengi wanainunua wanaiweka kwenye droo miezi sita halafu wanashangaa inaonyesha vioja.

Kama huna hata kimoja, chukua kabichi ya zambarau, katakata, chemsha dakika kumi, yale maji yake ya zambarau ndo kipimo. Weka vijiko viwili kwenye glasi ya maji ya tenki uangalie rangi: ikienda pinki maji ni asidi, ikibaki zambarau uko karibu na 7, ikienda bluu umepita 7, ikianza kijani umekaribia 9. Ujanja wangu ni kuweka glasi ya pili pembeni yenye maji masafi na kijiko cha bekingi soda, hiyo inakaa karibu 8.3 siku zote, kwa hiyo unapata rangi ya kulinganishia. Choya nayo inabadilika rangi ila yenyewe ni chachu tayari, weka matone machache tu la sivyo unapima choya badala ya maji. Na kuna manjano, si unajua doa la mchuzi kwenye kanzu ukilipaka sabuni linageuka jekundu, basi hiyo ndo manjano inakwambia sabuni ni alkali. Ila manjano haibadiliki mpaka upite 8 na kitu, kwa tenki la kawaida haikusaidii sana.

Hivi vya jikoni havikupi namba kamili, vinakupa mwelekeo. KH haviwezi kabisa. Dalili ya bure ya KH kuisha ni konokono, ukiona magamba yao yanatoboka na kuwa meupe juu ujue maji yamekosa madini na yanaelekea kwenye asidi.

Kitu kingine, pima saa ile ile kila siku. Tenki lenye majani mengi au mwani, pH ya alfajiri iko chini na ya jioni iko juu, maana mchana mimea inanyonya kabonidayoksaidi na usiku inaitoa. Ukipima leo asubuhi kesho jioni utasema pH inaruka kumbe iko kwenye mzunguko wake wa siku. Pima siku tatu, andika mahali, ndo uamue.

Na usipime maji yakiwa yanatoka bombani au kisimani moja kwa moja. Maji ya kisima mara nyingi yana kabonidayoksaidi nyingi ya ardhini, yakitoka tu yanasoma 6.8, yakikaa kwenye ndoo masaa 24 na pampu ya hewa yanasoma 7.8, hiyo ya pili ndo namba yako ya kweli. Maji ya mto Ruvu yanayokuja kwa bomba nayo yaache hivyo hivyo, hapo na klorini inapata nafasi ya kutoka.

Swali ambalo watu hawapendi

Lazima ubadilishe? Gapi na moli wanaishi raha kwenye 7 mpaka 8 na zaidi kidogo, goldifishi vile vile, beta anavumilia 6.5 mpaka 7.5 na wengi nimewaona kwenye 8 wanajenga viota vyao vya mapovu bila shida. Samaki wanaozalishwa kwenye matenki ya wafugaji wamezoea maji ambayo babu zao wa Amazoni hawakuyaona. Kinachowaua sana sana ni kuyumba, leo 8 kesho 7 keshokutwa 8, kuliko namba yenyewe kuwa pembeni kidogo ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu.

Halafu kama una maji ya kisima magumu una bahati usiyoijua. Samaki wa Ziwa Tanganyika, hawa hawa wanaotoka Kigoma wakapelekwa mpaka Ulaya kwa bei ya kutisha, ziwa lao pH yake ni karibu 9. Mbuna wa Ziwa Nyasa wako karibu 8. Mzungu kule anahangaika kununua chumvi maalumu ili maji yake yafanane na yale ambayo wewe unaoshea vyombo.

Ila tahadhari, maji ya chumvi na maji yenye pH kubwa ni vitu viwili tofauti. Kuna visima vya pwani maji yana chumvi ya bahari unaisikia mdomoni, hiyo chumvi yenyewe haibadilishi pH, na hakuna bekingi soda wala jani litakaloiondoa.

Kushusha

Njia ya uhakika ya kushusha pH ni kupunguza KH kwanza, yaani kupunguza unga kwenye debe. Na kitu rahisi cha kupunguzia ni maji ya mvua, bure kabisa. Mvua haina KH, ikikaa na hewa tu inasoma 5.6 hivi. Hesabu yake haina ufundi: kisima changu kina KH digrii 12, nikichanganya ndoo moja ya kisima na ndoo mbili za mvua napata KH 4. Nusu kwa nusu napata 6. Mimi sishuki chini ya 3, hapo debe liko tupu mno, kosa dogo tu pH inaanguka.

Kukinga kwenyewe kuna utaratibu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, kuna vumbi, kinyesi cha ndege na moshi wa magari, ukingie labda mvua ya pili au ya tatu, na hata hiyo subiri dakika kumi na tano ndo uweke ndoo. Tumia vyombo vya plastiki vya chakula, sio pipa la chuma wala ndoo iliyowahi kuwa na rangi. Wakati wa masika najaza madumu kumi nafunga naweka kivulini, yananifikisha mbali.

Ukikosa mvua, yapo maji ya kunywa ya dukani ya dumu la lita 20, mengi yamechujwa mpaka madini yamebaki kidogo, unachanganya vile vile ila angalia lebo kwanza kwa sababu wengine wanarudishia madini. Maji ya AC achana nayo, yamepita kwenye mabomba ya shaba na shaba ni sumu kwa konokono na kamba, hata samaki. Kuchemsha nako kunasaidia kwenye maji yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, ule ukoko ndo sehemu ya KH inayoganda, kwa hiyo chemsha dakika kumi, acha usiku kucha, mimina ya juu taratibu ubakize mashapo chini, tia pampu ya hewa ndo utumie. Kwa ndoo moja sawa, kwa tenki zima utamaliza mtungi wa gesi.

Sasa KH ikishakuwa 3 au 4 hapo ndo majani yanaingia, na hapa sisi watu wa pwani tumependelewa. Ule mti wa mkungu uliojaa barabarani na ufukweni, ambao watoto tulikuwa tunapigia mawe kungu zake, majani yake makavu ndo haya haya ambayo wafugaji wa beta huko Asia wanatumia miaka na miaka na yanauzwa mtandaoni yamefungwa kwenye plastiki kama dawa. Okota yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka, rangi ya kahawia au wekundu, sio mabichi wala ya njano yenye utomvu. Usiokote chini ya mti uliopuliziwa dawa au uliopo kwenye kituo cha daladala. Osha, mimina maji ya moto juu yake acha dakika chache, suuza, weka tenkini. Jani moja kubwa kwa lita 40 hivi la kuanzia. Siku ya kwanza linaelea, siku ya tatu linazama, maji yanapata rangi ya chai ya rangi nyepesi, usiogope hiyo rangi, ndo dawa yenyewe. Linaachia tanini na asidi nyepesi kidogo kidogo, wiki tatu hivi linakuwa wavu tupu na konokono wanalila, weka lingine.

Nisikudanganye, kwenye KH 12 unaweza kujaza majani mpaka maji yawe kahawa na pH isisogee. Watu wanajaribu mkungu kwenye maji magumu wanasema haufanyi kazi. Mkungu hauna kosa, debe lilikuwa bado limejaa.

Gogo la kwenye maji nalo linafanya kazi kama hiyo ila taratibu zaidi, lichemshe au liloweke wiki mbili ukibadilisha maji kwanza. Na kwa waotesha miche utapata pitimosi (ile mboji ya kahawia ya kuoteshea), hakikisha haijachanganywa na mbolea, funga kwenye soksi mpya ya nailoni weka kwenye filta, inashusha kuliko majani.

Jambo moja linasahaulika hapa kwetu na joto hili. Maji ya tenki yanakauka, unaona yamepungua sentimita tatu unajazia ya kisima. Kinachokauka ni maji tu, madini yanabaki, kwa hiyo kila ukijazia ya kisima unaongeza KH juu ya KH, miezi mitatu baadae pH imepanda na hujui imetoka wapi. Kujazia yaliyokauka tumia mvua, ya kisima iwe ya kubadilishia tu.

Kupandisha

Hii ni rahisi, labda rahisi mno ndo maana watu wanaharibu.

Kwanza jaribu pampu ya hewa. Kama tenki limejaa samaki na maji yamelala, kabonidayoksaidi imejikusanya, ukiyatikisa tu pH inapanda yenyewe sehemu tatu nne za kumi bila kuongeza chochote.

Pili makombe na maganda ya mayai. Makombe matupu ya ufukweni yaliyovunjika vunjika, suuza sana, chemsha, weka kwenye ile soksi ndani ya filta. Okota yaliyokufa na kuvunjika tu, matumbawe hai usiyaguse na kwenye hifadhi za bahari usitoe kitu. Maganda ya mayai chemsha, toa ile ngozi ya ndani, kausha, saga. Uzuri wa hivi vitu vinajiendesha: maji yakiwa na asidi vinayeyuka haraka, yakifika karibu 8 vinapunguza vyenyewe. Anza na konzi moja kwa lita 50, subiri wiki, pima. Na ukitaka kujua jiwe uliloliokota litapandisha pH au la, lidondoshee siki, likitoa mapovu lina kaboneti. Hiyo ndo kazi pekee ya siki kwenye mambo ya samaki.

Tatu bekingi soda, yaani sodiamu baikaboneti. Soma lebo mara mbili, bekingi PAUDA ni kitu kingine, ina wanga na asidi ndani, hatuihitaji. Na hamira ndo kabisa usiilete.

Kipimo: gramu 3 zinapandisha KH kwa 1 kwenye lita 100. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 5 mpaka 6. Kwa hiyo lita 50, ukitaka KH ipande kwa 2, ni nusu kijiko cha chai. Ujazo wa tenki pima kwa sentimita, urefu mara upana mara kina cha maji, gawanya kwa 1000. Langu ni 60 kwa 30 kwa 35, inakuja lita 63, toa mchanga na mawe yanabaki maji kama 52. Hiyo 52 ndo ya kupigia hesabu, sio ile 63.

Koroga soda kwenye kikombe cha maji ya tenki mpaka iyeyuke kabisa, mimina taratibu pale filta inapotolea maji, robo sasa hivi, robo jioni, nusu kesho. Usinyunyize unga mkavu, samaki anadhani chakula. Mimi sivuki 0.3 ya pH kwa siku moja. Cha kufurahisha bekingi soda haiwezi kukurusha mbali, hata ukikosea ukazidisha inakuja kukwama karibu 8.3, ila inaongeza sodiamu kwa hiyo sio ya kutia kila wiki milele, kwa kazi ya kila siku makombe ni bora.

Kwa siklidi, yaani wale samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaotaka maji magumu zaidi, watu wanachanganya bekingi soda na chumvi ya Epsom ya duka la dawa. Epsom inaleta magneziamu, inafanya maji kuwa magumu, lakini haigusi KH, usije ukaitegemea kupandisha pH peke yake.

Vile ambavyo usiguse

Magadi. Najua yapo jikoni, ya maharage na ya kisamvu, na najua mtu atakwambia ni bekingi soda ya asili. Sio. Magadi yana kaboneti pamoja na baikaboneti, yanapandisha haraka na yanapita kabisa pale ambapo soda inakwama, kijiko kimoja kinaweza kukupeleka 9 na zaidi. Juu yake yana uchafu na floraidi, na huwezi kujua kipande ulichonunua leo kimetoka wapi na kina nini. Halafu kuna wanaoita magadi ile soda kali ya kutengenezea sabuni, hiyo inaunguza ngozi ya mtu, sembuse mapezi.

Chokaa ya kupaka ukuta hapana. Majivu ya jikoni hapana. Shabu ya kusafishia maji inashusha pH kweli na inakula KH, lakini inaacha alumini ambayo kwenye maji ya asidi inaharibu mashavu ya samaki. Na "maji ya betri" uwe makini na jina, kuna ya kuongezea ambayo ni maji tu na kuna asidi yenyewe, kwenye duka la vipuri zinakaa rafu moja, mimi sinunui kabisa hapo kitu cha samaki.

Anayejenga bwawa la saruji nje, saruji mpya inarusha pH juu sana wiki nyingi. Jaza, acha siku tatu nne, mwaga, rudia mpaka pH itulie bila kupanda, ndo ulete samaki.

pH ikianguka ghafla

Hapa nakaa kidogo maana ndipo watu wanapoua samaki kwa huruma. Tenki la muda mrefu, maji hayabadilishwi, unajazia tu ya mvua, KH imeisha, siku moja unapima unakuta 6 au chini yake. Samaki wanaonekana wako sawa sawa, wamepoa poa tu. Mtu anashtuka anabadilisha nusu ya maji kwa mpigo akaweka ya kisima ya 8, jioni samaki wote tumbo juu.

Sababu ni amonia. pH ikishuka hivyo bakteria wa filta wanalala, amonia inajaa, lakini kwenye asidi karibu yote inakaa katika umbo lisilo na madhara makubwa. Kwenye nyuzijoto 25, pH ikiwa 7 lile umbo lenye sumu kali halifiki asilimia 1 ya amonia yote, ikiwa 8 ni kama asilimia 5, ikiwa 9 imepita theluthi. Kwa hiyo ulivyoipandisha pH ghafla umeiwasha ile sumu yote iliyokuwa imelala, na maji yakiwa ya moto zaidi ya 25 kama yetu hali ni mbaya zaidi.

Fanya hivi: acha kulisha siku mbili. Washa pampu ya hewa. Pima amonia kama unaweza. Badilisha asilimia 10 tu, kwa maji ambayo pH yake iko karibu na ya tenki, yaani mvua nyingi na kisima kidogo, rudia asubuhi na jioni, kila siku ukiongeza kisima kidogo kwenye mchanganyiko. Soksi ya makombe weka siku ya pili. Bekingi soda iache mpaka amonia ishuke, hata kama mkono unawasha. Ikichukua wiki nzima ichukue wiki.

Ukishafika kwenye namba yako, kazi iliyobaki ni ndoo. Maji ya kubadilishia yaandae jana yake, mchanganyiko ule ule, ukilowekea jani la mkungu kama tenki lina mkungu au ukikorogea soda ile ile kama tenki lina soda, pima ndoo kabla hujamimina, na uandike kwa maka penu kwenye ndoo yenyewe "mvua 2 kisima 1" ili siku ukisafiri dada wa nyumbani asijaze ya bomba.

Mimi neoni siku hizi sina. Nina wale siklidi wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, maji ya kisima kama yalivyo baada ya kulala ndoo usiku mmoja, na madumu ya mvua nampa jirani anayefuga beta.